Tusiache Vyombo Vyetu Viliwe na Kutu

Ugweno, nchi ya milimani iliko Shighatini, ilisifika tangu zamani kwa wahunzi wake wa ukoo wa Washana. Chuma chao kilinunuliwa hata na Wachaga wa Kilimanjaro. Wajukuu wa wahunzi hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba chuma kisichotunzwa huliwa na kutu. Lakini vyombo vya leo si majembe na mashoka peke yake. Mna redio, simu, taa za jua, vipaza sauti vya mikutano na kompyuta za shule. Jembe lenye kutu hunolewa likarudi shambani. Lakini ndani ya redio mna njia za shaba nyembamba kama unywele, na moja ikikatika chombo kizima hunyamaza.

Hasara hii si ya mwenye chombo tu. Kipaza sauti kikifa, wananchi hukosa kusikia mashauri ya mkutano wao. Simu ya zahanati ikikataa usiku, mgonjwa hucheleweshewa gari. Na mfanyakazi aliyeweka akiba miezi mingi anunue simu huambiwa aitupe, kumbe ilihitaji kusafishwa tu.

Shighatini ina taabu yake ya pekee. Chombo hupanda kutoka tambarare za Mwanga zenye joto na vumbi, kikafika juu kwenye ukungu na mvua za masika na vuli. Vumbi hilo hunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia juu ya madini. Moshi wa jikoni nao huongeza masizi yenye uchachu. Vitu hivyo vikikutana, kutu imekwisha pata makao.

Mwingereza W. H. J. Vernon alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1920 na 1930. Aliona kwamba kutu huongeza mbio unyevu wa hewa unapopita kiasi cha asilimia 60 hivi. Aliona pia kwamba chuma kilichozungushiwa kitambaa chepesi cha melimeli kilikaa miezi bila kutu, kwa kuwa vumbi halikukifikia. Basi mama anayeifunika redio yake kwa kitambaa asichekwe; afanya jambo la maana.

Wala hasara yenyewe si ndogo. Wataalamu wa kutu wa Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba kutu ya madini ya kila namna huigharimu dunia dola trilioni 2.5 kwa mwaka, na kwamba kati ya asilimia 15 na 35 ya hasara hiyo ingeweza kuepukwa kwa maarifa ambayo tayari yapo.

Maarifa hayo ni mepesi. Kwanza, chombo kisichotumika kitolewe betri. Kikulacho ki nguoni mwako: betri kuukuu huvuja na kula vyuma vinavyoishika. Ukoga mweupe wa betri za alkali hufutwa kwa pamba yenye siki kidogo au ndimu. Wa betri za kawaida, kwa magadi soda yaliyoloweshwa. Kisha pafutwe kwa spiriti na kukaushwa kabisa.

Pili, kabla ya kusafisha, chombo kizimwe na kuchomolewa katika umeme. Vumbi liondolewe kwa brashi laini. Viungo vifutwe kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi, mbali na moto. Petroli isitumike kamwe, maana huwaka upesi na kuharibu plastiki. Steli wulu nayo isiguse viungo. Vipande vyake hubaki ndani na kuunganisha umeme pasipotakiwa. Televisheni za zamani zenye kioo kinene aachiwe fundi, kwani huhifadhi umeme mkali hata zikiisha kuzimwa.

Tatu, chombo kilicholowa kisiwashwe. Maji yakiwa pamoja na umeme hula shaba kwa saa chache. Kitolewe betri, kifunguliwe na fundi, kisafishwe, kikaushwe penye upepo na joto la kiasi. Kukifukia katika mchele hakuondoi uchafu ulioingia. Na chombo kilichotoka penye baridi kali kikiingizwa penye joto kiachwe kwanza mpaka umande ukauke.

Twajua kwamba vyombo vya watu wote mara nyingi huwa havina mtu. Kwa hiyo twashauri kila ofisi, shule na zahanati ya milimani imteue mtu mmoja, impe brashi, spiriti na kitambaa, naye avikague vyombo kila mwezi, na kila juma wakati wa masika. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua vyombo vipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu, tutaujenga kwa fedha za jasho letu wenyewe.