Alama Zimebaki Kwenye Jembe

Mashine ya alama za vidole ilikataa kidole gumba cha kulia. Ikakataa na cha kushoto. Karani, kijana mwenye suti ya buluu iliyombana mabegani, akamwomba mama aliyekuwa mbele yangu apanguse mikono, apake mafuta kidogo, kisha ajaribu kidole cha shahada. Taa ikawaka nyekundu. Nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni, na ule mguno wa foleni za Nairobi ulikuwa umeanza, mguno usio na maneno ambao kila mtu anauelewa.

"Cucu, alama zako hazionekani," karani akasema.

Mama akaigeuza mikono yake, akaikagua pande zote mbili kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Alama zangu zimebaki kwenye jembe," akasema. "Liko nyumbani Waithaka, nyuma ya mlango. Nikuletee ulipime?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani naye akacheka, akaacha kubonyezabonyeza, akainuka kumwita mkubwa wake. Haikupita dakika tano, mama akawa anajaziwa fomu ya watu ambao vidole vyao vimekataa. Fomu hizo zilikuwa kwenye droo tangu asubuhi. Hakuna aliyezitaja mpaka watu walipocheka.

Nilitoka pale nikiwa nimemaliza shughuli yangu kwa mguso mmoja tu wa kidole. Nina miaka 66, na maisha yangu yote nimekula kwa kalamu. Lakini jembe la yule mama lilinifuata siku nzima, na kwa kuwa mstaafu hana haraka, nilizunguka nalo mjini.

Nairobi haikujengwa kwa ajili ya wazee. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 palikuwa kambi ya kazi, na serikali ya kikoloni ilipoendelea kupajenga ilimtaka Mwafrika mwenye misuli, kipande cha utambulisho shingoni na kitanda cha kulala, basi. Nguvu zikimwisha, arudi alikotoka. Kipande kiliondoka, wazo likabaki. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na miaka 60, na kabla hajamaliza keki ya kuagwa, wenzake wanamuuliza, "Sasa unaenda ocha lini?" Hakuna anayemuuliza kama anataka kwenda kijijini. Kuzeekea katikati ya jiji hili ni kama kubaki ukumbini baada ya ngoma kwisha: wanaofagia hawakufukuzi, ila wanafagia wakikukaribia miguuni.

Upande wa magharibi mambo ni kinyume. Waithaka, Riruta, Mutuini, Ruthimitu, Dagoretti yote ile ilikuwa hifadhi ya Wakikuyu, ikaingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Kwa hiyo shosho wa Waithaka hajapata kuhamia mjini. Mji ndio uliomhamia, tena bila kubisha hodi. Alilala mkulima akaamka mkazi wa jiji kuu, na ng'ombe wake akaamka naye. Leo shamba lake limezingirwa na ghorofa za mabati na za mawe, wapangaji wanaanika nguo juu ya sukuma wiki zake, naye bado anapalilia. Kibra nako, Wanubi ambao mababu zao walikuwa askari wa King's African Rifles wamezeeka na kuzikwa palepale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, vizazi kwa vizazi. Hati yao ya ekari 288 waliipokea mwaka 2017. Mtu akikuambia wazee hawana subira, mwelekeze huko.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika jamii, kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya karibu milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 au zaidi. Na mwaka 2018, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, Inua Jamii, ulipofunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 70, kiwango kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Jirani yangu mmoja pale Riruta huziita pesa hizo posa. "Serikali inanichumbia," husema, "ila haijataja siku ya harusi."

Nilipofika bustani ya Jeevanjee ilikuwa saa saba mchana. Mhubiri alikuwa anapiga kelele upande mmoja, wabishi wa siasa upande wa pili, na katikati, chini ya mti, wazee wanne walikuwa wameinamia ubao wa drafti. Kete zilikuwa vifuniko vya soda: upande mmoja vimelala kifudifudi, upande wa pili chali.

"Sogeza, bwana," mmoja akamhimiza mwenzake. "Tulikuja hapa tukiwa na nywele."

"Ngoja. Kete zangu zina shinikizo la damu."

Bustani yenyewe imenusurika kama wao. A.M. Jeevanjee aliitoa kwa watu wa mji mwaka 1906. Mwaka 1991 wakubwa walipotaka kuichimba waweke maegesho ya magari, mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama akapinga, na wengine wakasimama naye. Mti niliosimama chini yake nilipokuwa kijana ninayetafuta kazi bado upo, na benchi pia, ingawa limepoteza mbao mbili. Sitasema mimi nimepoteza nini.

Pale Jeevanjee niligundua pia kwamba wazee wa Nairobi wana ramani yao. Kijana mmoja aliuliza njia, mzee wa drafti akamwelekeza bila kuinua macho: ashike Government Road, akate Victoria Street, atokee Odeon. Kijana akashukuru na kubaki amesimama. Government Road ni Moi Avenue, Victoria Street ni Tom Mboya, na Odeon haijaonyesha sinema siku nyingi. Nikamtafsiria. Alipoondoka, mzee akanionya kwa ukali wa kweli, "Usiwe unawasaidia. Waache watembee, ndivyo sisi tulivyoujua mji."

Hata Sheng ni ya wazee pia. Wajukuu wanadhani ilizaliwa juzi, lakini mwambie kijana akupe chenji ya jirongo uone atakavyokodoa macho. Noti ya shilingi 500 ilipata jina hilo wakati wa kampeni za mwaka 1992, kwa heshima ya Cyrus Jirongo, kiongozi wa vijana wa KANU, na kwa sababu ambazo kila mzee atakueleza akiwa anacheka upande mmoja wa mdomo.

Mwendo mfupi kutoka hapo, barabara ya Harry Thuku, kuna majengo ya KBC. Nilipopita nilimkumbuka mwigizaji Benson Wanjau. Wengi hawamjui kwa jina hilo. Mzee Ojwang' Hatari wanamjua: miwani mikubwa, kofia, Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo kilichotoka kinywani mwa Mkikuyu, na Mama Kayai pembeni akimkatiza kila alipoanza kujisifu. Tulimcheka katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi miaka na miaka. Kilichonivutia baadaye ni kwamba alianza kuwa mzee kwenye runinga kabla hajawa mzee nyumbani kwake. Aliuvaa uzee kama koti la kuazima, na ulipokuja wenyewe ulikuta koti limeshamkaa. Alifariki Julai 2015, akiwa na miaka 78. Watoto wa mtaani kwetu, ambao hawakuwahi kumwona kwenye kipindi kipya hata kimoja, walikuwa wakimwigiza njiani wiki ile. Naona siri yake ilikuwa hii: Ojwang' alionekana mjinga hadi dakika ya mwisho, na katika dakika ya mwisho ndipo ulipojua nani hasa alikuwa akimchezea nani. Yule mama wa jembe angecheza naye bila mazoezi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kila kitu kinachekesha. Goti langu la kushoto halijawahi kunichekesha. Tuliosoma pamoja tuna kikundi cha WhatsApp. Tulianza tukiwa 41, sasa tumebaki 28, na kila simu inapolia alfajiri mtu anaitazama kwanza kabla ya kuigusa. Mwezi uliopita, baada ya kumzika mwenzetu, mweka hazina aliandika: "Jamani, tunapungua na jeneza halipungui bei. Anayefuata atoe taarifa mapema." Dakika mbili kimya. Kisha zikaanza kuingia zile sura zinazolia kwa kucheka, moja baada ya nyingine, ishirini na kitu. Mke wangu alisema ni ukatili. Mimi nililala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Nilimalizia mzunguko wangu Uhuru Park, kwenye ile pembe inayoitwa Freedom Corner. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi pale, wakakataa kula, wakidai wana wao waachiliwe. Miongoni mwao alikuwa Monica Wamwere, mamake mfungwa Koigi wa Wamwere, na mwanaharakati Wangari Maathai aliketi nao. Tarehe 3 Machi polisi walikuja na marungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Ndipo baadhi ya wale akina mama wakavua nguo. Kila askari pale alikuwa mtoto wa mtu, na kila mmoja alijua maana ya kuoneshwa uchi na mwanamke wa umri wa mama yake. Wapo waliogeuza nyuso. Akina mama waliondolewa, wakajikusanya upya katika kanisa la All Saints lililo karibu na bustani, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wafungwa wote isipokuwa mmoja wakawa huru.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu wakati huo, nikifanya kazi hatua chache kutoka pale. Nilipita upande wa pili wa barabara. Niliwaona. Sikuvuka.

Nikiwa nimeketi kwenye nyasi miaka hii yote baadaye, nilijaribu kulinganisha mambo mawili yasiyolingana: mama aliyevua nguo mbele ya marungu, na mama aliyemuuliza karani kama amletee jembe alipime. La kwanza lilikuwa laana, la pili mzaha. Lakini wote wawili walikuwa wanamwambia kijana mwenye mamlaka jambo lilelile: nitazame vizuri, mimi ni mamako. Mashine haiwezi kuona hilo, wala rungu. Mtu anaweza, akishtuliwa, na siku za kawaida kicheko kinatosha kumshtua.

Saa kumi na moja nilikuwa kwenye foleni ya matatu za Dagoretti. Mbele yangu mzee mwenye mkongojo alikuwa anapanda polepole.

"Guka, ingia chapchap, hii si meli!" makanga akapaza sauti.

"Ingekuwa meli," mzee akajibu, mguu mmoja bado chini, "ningeogelea nikakuacha."

Makanga akamshika kiwiko, akamkalisha kiti cha mbele. Niliingia, nikajisukuma hadi kiti cha nyuma, na nani alikuwa ameketi pale dirishani, mfuko wa ndizi za Marikiti magotini? Mama wa jembe. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Wewe kijana," akaniambia. Sijaitwa kijana tangu Moi alipokuwa rais. "Si ulikuwa nyuma yangu asubuhi? Yako ilikubali?"

"Ilikubali, mama. Mara moja tu."

Akaichukua mikono yangu bila kuomba, akaigeuza viganja juu, akaitazama kwenye mwanga wa jioni uliokuwa ukiingia dirishani. Akavirudisha viganja magotini pangu, taratibu, kama mtu anayerudisha bidhaa aliyoamua kutoinunua.

"Pole sana," akasema, akavunja ndizi moja kutoka kwenye kichane na kunipa. "Kula, upate nguvu. Ukitaka, njoo kesho. Nina jembe la pili."