Upandie Moi au JKIA? Hesabu ya safari ya mbali kwa mkaazi wa Mombasa

Mtu wa Mombasa anayetaka kwenda Jeddah, Istanbul au London huulizwa na wakala wa tiketi kabla hajaketi vizuri: unapandia hapa ama Nairobi? Wengi hujibu Nairobi, yaani uwanja wa JKIA, kwa mazoea. Zamani mazoea hayo yalikuwa na sababu. Uwanja wa ndege wa Moi, ulio Mombasa, ulijulikana zaidi kwa ndege za kukodi zilizoleta watalii kutoka Ulaya, na mwenyeji aliyetaka kutoka nje ya nchi ilimbidi aende bara kwanza. Siku hizi mambo ni mengine. Ethiopian Airlines na Turkish Airlines hutua Mombasa. Qatar Airways ilianza kuja kutoka Doha mwezi Desemba 2018. Januari 2024 flydubai ikafungua safari za Dubai, mara 4 kwa wiki, na mwishoni mwa mwaka huo Kenya Airways nayo ikatangaza safari za Mombasa hadi Dubai bila kupitia Nairobi.

Kwa hiyo swali la wakala sasa linastahili kujibiwa kwa kalamu na karatasi. Msimamo wangu ni kwamba tiketi ya Nairobi inayoonekana rahisi huacha kuwa rahisi mara tu mnapokuwa zaidi ya wawili, au mnapokuwa na mzee, mtoto mchanga au masanduku mengi.

Tuchukue mfano wa watu wazima wanne wa nyumba moja wanaokwenda Dubai. Tuseme kila mmoja anaokoa shilingi 9,000 akipandia Nairobi. Jumla 36,000, na hapo ndipo watu hushangilia na kulipa. Lakini treni ya SGR ya Mombasa–Nairobi, daraja la kawaida, imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kwenda na kurudi kwa wanne ni 12,000. Zimebaki 24,000. Kuna teksi ya kwenda kituo cha treni cha Miritini, nyingine kutoka kituo cha Syokimau hadi uwanjani, na mbili kama hizo wakati wa kurudi. Tukiweka 1,500 kwa kila moja, 6,000 zimekwenda. Ndege ikiwa ni ya alfajiri, lazima mlale Nairobi. Mkirudi usiku baada ya treni ya mwisho, mnalala tena. Vyumba viwili kwa 8,000, mara mbili, ni 16,000. Kati ya zile 36,000 mmebaki na 2,000, na bado hamjala chochote. Siku mbili za kazi nazo zimekatika. Weka bei zako mwenyewe kwenye hesabu hii, lakini usiruke mstari hata mmoja.

Kijana anayesafiri peke yake na begi moja ana hesabu tofauti kabisa. Ana binamu Embakasi wa kumlaza, anapanda matatu hadi uwanjani, na kati ya ile 9,000 anabaki na zaidi ya nusu. Huyo aende Nairobi, na asimsikilize mtu.

Mizigo ndiyo inayosahaulika zaidi. Abiria wa treni Miritini anajua utaratibu: masanduku yanapangwa chini kwa mstari, wenyewe wanasogea kando, mbwa wa polisi anapita akinusa, kisha kila mtu anarudi kubeba lake hadi kwenye mashine ya ukaguzi, na kutoka hapo hadi kwenye behewa. Kwa mwenye begi la mgongoni hilo si kitu. Kwa mama wa miaka 70 anayekwenda Umra ni mtihani kabla safari haijaanza, na akifika Syokimau bado ana teksi ya kutafuta. Akipandia Moi, sanduku linapokewa kaunta na yeye hatalishika tena hadi Jeddah, mradi tiketi iwe moja.

Maneno hayo, tiketi iwe moja, yana uzito kuliko bei yenyewe. Kuna njia mbili za kupitia Nairobi kwa ndege, nazo hazifanani. Ya kwanza ni tiketi moja inayoanzia Mombasa na kuishia unakokwenda. Ndege ya asubuhi ikichelewa na ukaikosa ile kubwa, ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine. Ya pili ni kununua safari ya ndani peke yake na ya nje peke yake, kwa sababu ukizijumlisha zinatoka chini kidogo. Hapo kuchelewa ni kwako. Shirika la pili litakuandika kwamba hukutokea, na kwa kawaida hata safari yako ya kurudi inafutwa. Mizigo unaichukua Nairobi, unaikokota hadi jengo la ndege za nje na kuipima upya. Na ukirudi na masanduku mawili ya kilo 23 yaliyoruhusiwa kutoka ng'ambo, tiketi ya bei nafuu ya Nairobi–Mombasa huenda haina nafasi hata ya moja, na utalipia kila kilo. Muulize wakala kama namba ya kumbukumbu ya tiketi ni moja au mbili. Akianza kuzunguka, jibu umelipata.

Baada ya hapo, hesabu ndege utakazopanda. Kwenda Dubai, Doha au Istanbul, ukipandia Moi ni ndege moja tu, na hapo sioni sababu ya mtu kwenda Nairobi ila tofauti ya bei iwe kubwa kwelikweli. Kwenda London ni mbili kwa vyovyote: Mombasa–Doha–London, au Mombasa–Nairobi–London. Hapo linganisha saa za kungoja njiani, na usisahau viza, maana baadhi ya nchi huwadai baadhi ya wasafiri viza hata kama wanabadilisha ndege tu. Kwa mgonjwa anayepelekwa Mumbai kutibiwa, Nairobi inashinda: Kenya Airways hutoka hapo hadi Mumbai moja kwa moja, na kwa tiketi moja iliyoanzia Mombasa mabadiliko ya ndege yanafanyika nyumbani, ambako ndugu anaweza kuja kusaidia. New York vilevile. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways inakwenda huko kutoka Nairobi bila kituo, na hakuna uwanja wa pwani unaoweza kutoa safari fupi kuliko hiyo.

Jambo moja linanifanya nisiusifie Moi kupita kiasi: ndege ni chache. Shirika lenye safari 4 kwa wiki lina siku 3 ambazo haliji kabisa. Anayefanya kazi Dubai akipigiwa simu kwamba mzazi amefariki, na maziko ni leo au kesho, hawezi kungoja ndege ya keshokutwa. Atapitia Nairobi, ambako mashirika makubwa ya Ghuba hutua kila siku. Vilevile ndege moja ikifutwa Mombasa, inayofuata inaweza kuwa baada ya siku mbili, na huenda imekwishajaa. Mwenye tarehe isiyosogea, kama mtihani au miadi ya ubalozini, aache siku za akiba.

Zipo pia ndege za msimu kutoka Ujerumani, zinazofuata baridi ya Ulaya. Bei zake huvutia wenyeji, lakini kabla ya kulipa tazama kama bado zitakuwa zinaruka tarehe yako ya kurudi.

Watu wa Arusha na Moshi wanaijua hesabu hii, tena kwao ina mpaka ndani yake. KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uliofunguliwa 1971, uko kama kilomita 50 kutoka Arusha, na KLM, Qatar, Turkish na Ethiopian zote zinatua hapo. Bado kuna wanaopanda gari hadi mpakani Namanga na kuendelea mpaka Nairobi kufuata bei. Wanaongeza foleni ya uhamiaji na cheti cha homa ya manjano, na ndege ikifutwa wamekwama katika nchi isiyo yao.

Ndege nyingi zaidi hazitakuja Mombasa kwa kutamani tu. Idadi ya safari ambazo shirika la nje linaruhusiwa kuleta hutokana na makubaliano kati ya serikali mbili, na serikali ya Kenya kwa muda mrefu imekuwa na shirika la taifa la kulinda. Lakini shirika la nje nalo hutazama kama viti vitajaa. British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam 2013 na Entebbe 2015, na Dar es Salaam ni jiji kubwa. Entebbe ilingoja hadi Mei 2025 kupata tena ndege ya moja kwa moja kwenda London, safari hii ya Uganda Airlines. Vikundi vya Umra vinavyosafirisha mahujaji kwa mabasi hadi Nairobi vina nguvu hapa kuliko vinavyodhani: kikundi chenye watu 40 na tarehe zinazojulikana mapema kinaweza kuomba bei ya kikundi kutoka Mombasa. Kiombe miezi kadhaa kabla ya Ramadhani, na bei hiyo iandikwe pamoja na mizigo.