Jua ni la wote, bili ya umeme ni ya nani?

Kila ukikaribia mwezi wa Juni, mazungumzo ya familia zetu hapa Maskati hugeuka. Habari za harusi na tiketi za kwenda nyumbani hukaa pembeni, watu huulizana: "Bili yako mwezi huu imekuja ngapi?" Nimelisikia swali hilo Ruwi, nimelisikia Al Khoudh, na juzi nimelisikia msibani Seeb hata khitma haijaanza. Basi leo tulizungumze kwa utulivu. Ule ujumbe wa bili unaoingia kwenye simu una siasa ya dunia nzima ndani yake, siasa ya joto, gesi na nishati safi, na wengi wetu tunadhani hiyo ni kazi ya wakubwa wa mikutanoni tu.

Nianze na bei. Kwa miaka mingi uniti ya umeme wa nyumbani Oman ilikuwa baiza 10, kwa uniti 3,000 za mwanzo za mwezi. Riali moja ina baiza elfu, kwa hiyo uniti mia moja zilikuwa riali moja tu. Kilichobaki serikali ikijazia. Mwaka 2020 bei ya mafuta ilianguka, na korona ikaja juu yake, ukatolewa mpango wa kusawazisha hesabu za nchi, Tawazun, na kuanzia Januari 2021 ruzuku ya umeme ikaanza kukatwa kidogo kidogo. Watu walilalamika sana, na muda wa kuimaliza ukarefushwa.

Hapo ndipo familia zetu zilipogawika bila kutaka. Raia anapata bei nafuu kwa akaunti zake mbili za kwanza. Asiye raia anahesabiwa kwa bei nyengine, ya juu. Sasa sisi tunajijua tulivyo. Mmoja alikuja miaka ya sabini akapata uraia, mdogo wake akachelewa Tanga au Mombasa, leo yuko hapa kwa kadi ya ukaazi. Ndugu wa tumbo moja, ghorofa moja, kiyoyozi cha aina moja, bei mbili. Mtoto wa marehemu kaka yangu anaishi Wadi Kabir katika hali hiyo, na mama yake, wifi yangu, amepita miaka themanini na kifua kinamsumbua. Kijana huyo huzima kiyoyozi cha chumba chake ili cha mama kisizimwe.

Sina kinyongo na nchi kuwatanguliza raia wake, kila nchi inafanya hivyo. Lakini joto halisomi pasipoti. Tarehe 26 Juni 2018, pale Qurayyat, saa ishirini na nne zilipita bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha chini, cha usiku! Anayesema kiyoyozi ni anasa hajalala Oman mwezi wa sita.

Na bili ya pili tunailipa kwa mvua. Gonu ilipotupiga Juni 2007, watu kiasi ya hamsini walifariki, barabara za Qurum zikawa mito, na mitaa mingi ya mji ikakaa bila maji ya bomba. Phet ikaja 2010. Oktoba 2021 Shaheen ikaingia pwani ya Batinah, upande ambao vimbunga havikuwa na mazoea nao, Al Khaburah na Al Suwaiq zikajaa tope. Aprili 2024 watoto wa skuli walichukuliwa na maji ya wadi kule Samad al-Shan. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na siku ile sikuweza kuifungulia taarifa ya habari mara ya pili. Wataalamu wanatwambia bahari yenye joto inakipa kimbunga nguvu zaidi, na Bahari ya Arabu inazidi kupata joto. Hili halina chama wala kabila.

Sasa kwa nini serikali inahimiza jua? Wengi hujibu "mazingira" wakanyamaza. Mimi nasema tazameni gesi. Umeme wetu ulikuwa unatoka karibu wote kwenye gesi asilia, na gesi hiyo hiyo ndiyo inayosindikwa Qalhat, karibu na Sur, na kupakiwa melini kwenda ng'ambo tangu mwaka 2000. Kila uniti inayopoza sebule yako ni gesi ambayo haikuuzwa. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini Ibri kumetandikwa sola ya megawati 500, iliyozinduliwa 2022, na kwa nini Manah ikafuata kwa mitambo miwili ya ukubwa kama huo. Mwaka huo huo wa 2022 Oman ilitangaza kwamba ifikapo 2050 hewa ya ukaa inayoitoa isizidi ile inayoiondoa. Naamini nia ipo. Lakini hesabu ya gesi ndiyo iliyofungua mlango, na si aibu. Mtu anaweza kuacha sigara kwa ajili ya afya au kwa ajili ya bei, mapafu yake hayaulizi.

Kuna mradi mmoja unaonichekesha na kunifikirisha. Kwenye visima vya mafuta vya Amal, kusini, kuna vioo vimefungiwa ndani ya nyumba za gilasi. Mradi unaitwa Miraah, yaani kioo. Vinakusanya jua, jua linachemsha maji, mvuke unasukumwa chini ya ardhi ili mafuta mazito yalainike na kutoka. Jua linavuna mafuta! Mjukuu wangu hakuniamini mpaka tulipotazama picha pamoja. Siasa ya nishati ya Ghuba yote imo mle. Desemba 2023, mkutano wa tabianchi wa Dubai uliongozwa na mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi, na humo humo ndimo mataifa yalipoandika kwa mara ya kwanza kwamba dunia ianze kuondoka kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe.

Halafu ikaja haidrojeni ya kijani, ambayo ni kutumia umeme wa jua na upepo kutenganisha maji, na maji yenyewe ni ya bahari, lazima yatolewe chumvi kwanza. Kampuni ya serikali, Hydrom, iliundwa 2022, ikawagawia wawekezaji ardhi ya Al Wusta na Dhofar kwa mikataba ya miaka 47. Lengo ni tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Aprili 2025 ulitiwa saini mpango wa kuipeleka kutoka Duqm mpaka bandari ya Amsterdam. Ni biashara, na vijana wetu wanataka kazi, sina ugomvi. Ninachouliza ni kwa nini jua la Duqm limeshapata mnunuzi Ulaya, na jua lililo juu ya paa la Wadi Kabir halina mwenyewe.

Maana mpango wa mapaa upo, tena wa zamani. Unaitwa Sahim, ulianzishwa 2017: unaweka sola juu ya nyumba yako, unatumia, unaozidi unaingia kwenye gridi na kuhesabiwa. Walioitikia hawakuwa wengi, na sababu si uvivu. Kwa bei ya baiza 10, nani angetoa mamia ya riali kununua sola? Umeme wa rahisi ndio uliolizuia jua lisipande mapaani. Sasa bei inapanda na hesabu inaanza kukubali, lakini kwa mwenye nyumba. Mpangaji wa ghorofa, ambaye mara nyingi ndiye asiye raia na ndiye analipa bei ya juu, hana paa. Hapo pana kazi ya Majlis al-Shura na ya mamlaka inayosimamia huduma: ghorofa moja iwe na sola ya pamoja, na kila mpangaji akatiwe fungu lake kwenye bili.

Msiniambie sauti ya watu wadogo haifiki. Ndugu zetu wa Lamu waliambiwa watajengewa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, Kwasasi. Wavuvi na wazee wa mji wakaenda mahakama ya mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Hapa hatuendi kwa njia ile, tuna njia zetu, lakini barua ya mwenye akaunti husomwa.

Kijana wa Wadi Kabir amekwenda kuzungumza na mwenye nyumba wake kuhusu sola. Alipokewa vizuri, akapewa kahawa na halwa. Mwenye nyumba yeye hulipia taa za ngazi tu. Amesema atalifikiria baada ya joto kupita.