Mtu wa Kumi Yuko Roshani

Machi 10, 2020, Gavana wa Jimbo la New York, Andrew Cuomo, alitangaza eneo la kuzuia maambukizi lenye umbo la duara, maili moja kila upande, na katikati ya duara hilo palikuwa na sinagogi. Ni Young Israel of New Rochelle, katika mji ulio kaskazini tu ya Jiji la New York. Shule na kumbi kubwa zilizomo ndani ya duara zilifungwa wiki mbili, na wanajeshi wa Walinzi wa Taifa wakaletwa kusafisha majengo na kugawa chakula. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Purimu, ambayo Wayahudi huisherehekea kwa kusoma Kitabu cha Esta huku watoto wakipiga kelele kila linapotajwa jina la adui, Hamani. Kesho yake Shirika la Afya Duniani likasema korona ni janga la dunia nzima.

Nyumba za ibada zilifungwa katika nchi nyingi, na kila dini ilibeba mzigo wake. Mwislamu aliyezuiwa kwenda msikitini alikosa fadhila ya jamaa, ila swala yake nyumbani ilitimia, na Ijumaa yake akaiswali kama adhuhuri. Myahudi naye anaweza kusali peke yake. Lakini zipo sala ambazo hazisemwi kabisa mpaka watimie watu wazima kumi, akidi iitwayo miniani. Waorthodoksi huhesabu wanaume tu. Madhehebu ya Conservative yaliruhusu wanawake kuhesabiwa mwaka 1973, na Reform hawana ubaguzi huo. Penye kushika akidi hiyo, wakiwa tisa hawajatosha, hata kama wote tisa ni marabi.

Sala inayouma zaidi kuikosa ni Kadishi. Mtoto aliyefiwa na mzazi huisema kwa miezi 11, kwa Kiaramu, na ndani yake kifo hakitajwi hata mara moja. Ni kumtukuza Mungu tu, mfiwa akitamka na wenzake wakiitikia amina. Pasipo waitikiaji hakuna Kadishi. Kwa hiyo aliyemzika mama yake Februari 2020 alijikuta mwezi wa Machi ana wajibu wa kila siku, na mahali pa kuutimizia pamefungwa kwa kufuli.

Kisha kulikuwa na matanga. Wayahudi hukaa matanga siku saba, wafiwa kwenye viti vifupi, vioo vya nyumba vimefunikwa, majirani wakiingia na vyakula. Desturi yao inamtaka anayekuja kuhani asianze kuzungumza; akae na kungoja mpaka mfiwa mwenyewe afungue kinywa. Sebuleni ukimya huo ni heshima kubwa. Sasa uhamishie kwenye Zoom. Nyuso ishirini ndani ya visanduku zinamtazama mjane, naye kimya, na dakika haijaisha mtu fulani anauliza kama mtandao umekatika. Marabi walilazimika kuwa na msemaji wa kuongoza, wa kumtaja marehemu na kumwalika huyu au yule aeleze alivyomjua. Ulikuwa utaratibu mpya, na haukuwa mbaya, kwani binamu aliye bara jingine, ambaye asingeweza kusafiri hata wakati wa heri, sasa aliweza kuhani.

Je, watu kumi kwenye kioo ni kumi? Jambo hili halikuanza na korona. Mwaka 2001 Rabi Avram Reisner wa Conservative aliandika fatwa, tukiazima neno la jirani, kwamba miniani haiwezi kuundwa kwa intaneti. Ila kumi wakishakusanyika mahali pamoja, aliye mbali anaweza kujiunga nao na kuitikia. Machi 17, 2020, viongozi wa kamati ya sheria ya madhehebu hayo, Rabi Elliot Dorff na Rabi Pamela Barmash, walitoa waraka: kwa kuwa ni saa ya dharura, rabi wa mahali anaweza kuruhusu kumi wahesabiwe wakiwa kila mmoja kwake, mradi waonane na kusikilizana. Siku hiyohiyo jijini London, Rabi Mkuu Ephraim Mirvis alisitisha ibada katika masinagogi ya United Synagogue, umoja ulioanzishwa mwaka 1870.

Waorthodoksi walikataa ruhusa ile ya Conservative. Kioo si mahali, walisema, na sauti ya kipaza si sauti ya mtu. Ni rahisi kuwaona wakaidi, lakini ukali wao ulizaa kitu ambacho mimi nimekipenda kuliko uvumbuzi wote wa mwaka ule. Shulhan Arukh, kitabu cha sheria alichokiandika Yosef Karo katika karne ya 16, kinasema aliye nje ya sinagogi, akionyesha uso wake dirishani, anahesabiwa na walio ndani. Haya, Bnei Brak na Jerusalem, huko Israeli, ni miji ya magorofa, na kila gorofa lina roshani. Jioni watu walitoka, huyu ghorofa ya pili, yule ya nne ng'ambo ya ua, shali za sala mabegani, mmoja akaongoza kwa kupaza sauti na wengine wakajibu kutoka juu na chini. Walipotimia kumi wanaoonana kwa macho, Kadishi ilisemwa. Watu walioishi jengo moja miaka mingi bila kujuana majina sasa walikuwa wakitafutana: wa kumi yuko wapi leo, mbona hajatoka?

Pasaka iliingia jioni ya Aprili 8. Karamu ya usiku wa kwanza ni ya mazungumzo: mtoto mdogo kuliko wote anauliza maswali manne, na wakubwa wanamsimulia jinsi mababu walivyotoka Misri. Mwaka ule bibi na babu walikaa mezani peke yao. Huko Israeli marabi 14 wa Kisefardi waliandika kwamba mzee aliyetengwa anaweza kuungana na wanawe kwa Zoom, mradi mtambo uwashwe kabla ya sikukuu kuingia na usiguswe tena, kwa kuwa umeme hauwashwi siku takatifu. Marabi Wakuu wa nchi hawakukubali. Kila upande ulikuwa na hoja, ila nauona moyo wa wale 14. Walimfikiria bikizee mwenye sahani moja mezani, wakaona kwamba huzuni nayo ni maradhi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Kuimba pamoja mtandaoni hakuwezekani, kwa sababu sauti hufika kwa kuchelewa na wimbo unageuka makelele. Kwa hiyo mmoja aliimba na wengine wote wakazimwa maiki, kila mtu nyumbani kwake akisikia sauti ya kiongozi na yake mwenyewe tu. Katika masinagogi mengi Torati ilisomwa kutoka kitabu cha kawaida badala ya gombo. Kulikuwa pia na wahuni walioingia katikati ya sala na kutukana Wayahudi, na mwisho wa Machi FBI ikatoa onyo kuhusu uvamizi wa aina hiyo katika mikutano ya video. Viungo vya kujiunga vikaacha kubandikwa hadharani, nywila zikawekwa, na mzee wa sinagogi aliyezoea kupokea wageni mlangoni akawa anakagua majina kwenye orodha ya wanaosubiri.

Ila wazee wengi hawakuwa na kompyuta, au walikuwa nayo na hawakuthubutu kuitumia. Hao waliokolewa na simu ya kawaida. Jumuiya ziligawana daftari la waumini, kila anayejitolea akapewa majina yake ya kupigia kabla ya Sabato: umekula nini, dawa zipo, nani amekuletea mkate? Mkate wa Sabato uliachwa kizingitini, kengele ikapigwa, mletaji akarudi nyuma hatua kadhaa. Kama kuna hesabu ya kweli iliyofanyika mwaka ule, naiona kwenye daftari hilo kuliko kwenye video.

Wala mambo haya hayakuwa mageni. Mwaka 1831, kipindupindu kilipoingia Posen, iliyokuwa Prussia na sasa ni Poland, Rabi Akiva Eger aliagiza wasiingie sinagogini zaidi ya watu 15 kwa mara moja, awamu kwa awamu, na walinzi wasimame mlangoni. Mfalme Frederick William III alimtumia pongezi.

Na huku kwetu? Kenya iliporuhusu ibada Julai 2020, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, saa moja tu, na waliozidi miaka 58 wabaki nyumbani. Kanisa kubwa liliumizwa na ile 100. Jumuiya ndogo kama ya sinagogi la Nairobi iliumizwa na ile 58, maana wazee ndio mara nyingi hutimiza kumi. Uganda nako, Abayudaya, Wayahudi wa vilima vya Mbale, walifungiwa kama raia wengine, nao wana kumbukumbu ya kufungiwa kubaya zaidi: Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wakasali kwa siri. Kampala ilipotwaliwa na jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda, Aprili 11, 1979, jioni yake ilikuwa Pasaka.

Mwaka Mpya wa Kiyahudi wa 2020 uliangukia Jumamosi, Septemba 19, na baragumu la sikukuu hiyo halipigwi siku ya Sabato, basi wengi waliosubiri walilisikia Jumapili. Wapigaji walisambazwa kwenye viwanja, maegesho na pembe za mitaa ili asiyeweza kuingia sinagogini asikie akiwa dirishani. Baadhi ya mabaragumu yalivishwa barakoa.

Milango imefunguliwa zamani sasa, lakini baadhi ya jumuiya za Conservative bado zina sala ya jioni mtandaoni, kwa ajili ya wagonjwa, wanaolea watoto na waliohama mji. Ruhusa ya 2020 ilikuwa ya dharura, na dharura imekwisha. Penye kushika kanuni ya Reisner sharti ni kumi wawe ukumbini ndipo walio kwenye kioo waungane nao. Rabi huangalia kioo, anaona watu thelathini. Anageuka ukumbini, anahesabu wanane, anatoa simu na kuanza kuwapigia wanaokaa karibu.