Nani Ameua Turbo?

Gari lililokuwa likipanda Kitonga kwa gia ya tatu bila kulalamika, leo linaomba ya kwanza, na nyuma yake limeacha wingu la moshi mweusi. Dereva anakanyaga, mlio unaongezeka, mwendo hauongezeki. Akifika Iringa anamsimulia fundi, naye fundi anatoa hukumu kabla hata boneti halijafunguliwa: turbo imekufa. Turbo ya mtumba inanunuliwa Gerezani, inatumwa kwa basi, inafungwa. Kabla mwezi haujaisha, nayo chali.

Ukiuliza kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, utasikia habari hiyohiyo. Turbo ya dizeli ni nadra kujifia. Huuawa, na muuaji kwa kawaida yumo bado ndani ya injini akiisubiri nyingine. Tena zipo nyingi zinazotupwa zikiwa hazina ugonjwa wowote.

Injini ya dizeli haina shida ya mafuta, shida yake ni hewa. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, kwa hiyo inadai kilo 12 za hewa, na hewa hiyo pwani hujaza nafasi ya lita 10,000. Pistoni ikishuka peke yake huvuta kidogo tu. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili hataza ya mtambo wa kutumia moshi unaotoka kwenye injini, ambao huondoka na nguvu nyingi za bure, kuisukumia injini hewa. Ilimchukua miaka 20 kupata matokeo ya kujivunia: mwaka 1925 aliongeza nguvu ya injini ya dizeli kwa zaidi ya asilimia 40. Magari madogo ya dizeli yalisubiri zaidi. Mercedes-Benz 300SD, ya kwanza kuuzwa ikiwa na turbo, ilitoka mwaka 1978.

Ndani ya turbo kuna shafti moja fupi yenye gurudumu la mapanga kila upande. La upande wa moshi hutengenezwa kwa aloi ya nikeli, kwa sababu moshi wa dizeli injini ikibeba mzigo unaweza kufika nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi. La upande wa hewa huwa la alumini. Moshi hulizungusha la kwanza, la pili hukandamiza hewa na kuipeleka kwenye silinda, kazi ileile ya mivuo ya mhunzi. Ila kasi yake inatisha. Mizunguko 150,000 kwa dakika ni jambo la kawaida, yaani 2,500 kila sekunde. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 5 likizunguka hivyo, ncha za mapanga yake hukimbia karibu mita 390 kwa sekunde, kasi inayozidi ile ya sauti.

Hakuna chuma kinachovumilia kusuguana na chuma kingine kwa mwendo huo. Katika turbo nyingi shafti huelea juu ya utando wa oili wenye unene wa sehemu chache za mia za milimita. Oili hiyo ndiyo beringi ya kweli. Kile chuma kinachouzwa dukani ni nyumba yake tu. Ikikosekana kwa sekunde chache, uharibifu umeshaanza.

Mwinuko nao una neno lake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Ili kujaza silinda vilevile, turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi. Ndiyo maana iliyochoka inaweza kujificha miezi mingi pwani, kisha ikaumbuka siku gari linapopanda bara.

Uchunguzi huanzia kwenye moshi. Mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mara nyingi hutokana na nozeli au maji ya rejeta, hivyo hautuhusu sana hapa.

Moshi mweusi ukiambatana na kukosa nguvu, mshukiwa wa kwanza si turbo bali mipira inayopeleka hewa kwenye intakula, kile kipozeo cha hewa, na kuitoa huko. Oili hulainisha mpira taratibu, mpira unapasuka upande wa chini usioonekana, na mpasuko wenyewe hufumba gari likiwa limesimama kwa sababu hakuna shinikizo ndani. Hufumbuka mlimani tu. Fundi mwenye subira huziba ncha mbili za njia ya hewa, akaingiza upepo wa kompresa kwa shinikizo dogo, kisha akapaka maji ya sabuni na kutazama mapovu. Mara ngapi kosa limekuwa klipu iliyolegea, ambayo bei yake haifiki hata chakula cha mchana!

Kisha inakuja mashine ya kupimia. Kodi ya hitilafu ya P0299 ikitokea kwenye kioo, wengi huisoma kama cheti cha kifo. Haisemi hivyo. Inasema tu kwamba shinikizo la hewa iliyoingia ni dogo kuliko lile lililoagizwa na kompyuta. P0234 ni kinyume chake, hewa imezidi. Sababu utaitafuta mwenyewe, na njia nzuri ni kuendesha gari kilimani mashine ikiwa imechomekwa, mtu wa pili akilinganisha shinikizo lililoagizwa na lililopatikana. Kabla ya hapo ifungue swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya shinikizo la hewa. Injini haifanyi kazi, kwa hiyo namba lazima iwe ya hewa ya mahali ulipo: karibu kilopaskali 101 Dar es Salaam, karibu 82 Nairobi. Ikikuambia 120, sensa inasema uongo, na kila kipimo kitakachofuata kitakuwa uongo.

Turbo nyingi za kisasa zina vipanga vidogo vinavyogeuka kuzunguka gurudumu la moshi ili kubana au kuachia njia. Gari linaloishi kwenye foleni halipati joto la kutosha kuunguza masizi, nayo masizi huganda na kuvikwamisha vipanga hivyo. Dalili yake inajulikana: nguvu zinakatika ghafla njiani, unazima, unawasha, zinarudi. Hapo kompyuta ilikuwa inailinda injini. Vipanga vinaweza kufunguliwa na kusafishwa. Kisichofaa ni kuchezea ile skrubu ndogo inayowekea vipanga kikomo, kwani ilipangwa kiwandani kwa kupima mtiririko wa hewa, na bisibisi haiwezi kuirudisha mahali pake kwa kubahatisha.

Baada ya hayo yote ndipo turbo yenyewe iguswe. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa paipu ya hewa na uishike ncha ya shafti. Ikicheza kidogo pembeni usishtuke, utando wa oili haupo kwa sababu injini imesimama. Ikisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa na vidole, au mapanga yakiwa yameikwaruza nyumba yake, basi hukumu ni sahihi. Utando mwembamba wa oili ndani ya paipu hauna ubaya. Huletwa na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini. Turbo ngapi nzima zimehukumiwa kwa utando huo!

Tuseme imekufa kweli. Iweke mezani usome majeraha. Mapanga ya alumini yaliyopinda au kumeguka mbele yanaeleza kwamba ilimeza kitu: nati, kipande cha filta, pengine tambara lililosahauliwa na fundi. Mapanga yaliyolika yakawa membamba yanamtaja vumbi, na ushahidi utaupata kwenye filta ya hewa au klipu iliyo baada yake. Mikwaruzo kwenye beringi ni ya oili chafu. Shafti iliyobadilika rangi ikawa ya bluu ilikauka bila oili. Gamba jeusi lililoganda shingoni mwa shafti linatokana na kuzima injini mara tu baada ya kupanda mlima kwa nguvu: oili inasimama, joto halijaondoka, oili inaungua palepale. Dakika moja au mbili za kuacha injini iungurume zingeiokoa.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya injini ya Toyota 1KD-FTV, lita 3.0, iliyomo kwenye Hilux na Prado nyingi barabarani kwetu. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Washa hiyo ikichoka, gesi ya mlipuko hupenya hadi kwenye oili na kuijaza masizi. Masizi huganda mabonge, mabonge hushuka hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio ambalo pampu hunyonyea. Presha ya oili inashuka na turbo inapata kiu. Kwa hiyo kilichoiua turbo ni washa ndogo iliyoko mbali nayo kabisa, na anayefunga turbo mpya bila kushusha sampu na kukagua washa anatupa fedha za mteja.

Yapo pia makosa ambayo turbo husingiziwa. Sili zake ni pete za chuma, si za mpira, na huzuia oili kwa msaada wa tofauti ya shinikizo. Oili hutoka kwenye turbo kwa kushuka yenyewe tu. Bomba la kurudishia likiziba, au pistoni zilizochoka zikijaza upepo ndani ya injini, oili itavuja hata kwenye turbo iliyotoka kiwandani jana.

Uvujaji mkubwa una hatari ya pekee. Dizeli haihitaji cheche, hivyo injini inaweza kuanza kuinywa oili yake yenyewe, ikapaa bila kutii swichi. Kwenye gari la gia za mkono, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, kisha achia klachi ili izimike. Kama haiwezekani, kaa mbali. Mkono usipelekwe kamwe kwenye mdomo wa hewa.

Muuaji akishapatikana, ufungaji hauna maajabu. Intakula isafishwe, maana vipande vya turbo ya zamani na oili iliyotuama humo vitaingia kwenye silinda. Bomba la kuleta oili liwe jipya, oili na filta vibadilishwe. Silikoni isipakwe kwenye gasketi za oili: kipande kilichobanwa kikaingia ndani huziba tundu dogo ambalo turbo hunywea. Mimina oili kwenye tundu hilo, zungusha shafti kwa mkono, kisha pigisha stata bila kuiacha injini iwake hadi oili ionekane ikitoka upande wa chini. Ikishawaka iache iungurume taratibu dakika chache. Fundi anayepiga resi papo hapo ili mteja ausikie mluzi wa turbo mpya anaizungusha kwa kasi ya kutisha kabla oili haijaifikia.