Mnyoo aliye tumboni mwako huenda ni chotara

ULIZA vijana wanaobarizi mjini Eldoret, hasa waliokulia Bungoma, Busia au Kakamega, kuhusu siku ya dawa ya minyoo shuleni. Watacheka. Foleni ndefu, mwalimu na mkebe wa vidonge, halafu unatafuna albendazole huku amekukodolea macho usije ukaitema dirishani.

Miezi kadhaa baadaye, minyoo wanarudi. Mbona?

Sababu ya kwanza iko wazi. Jike mmoja wa minyoo wa mviringo, wale warefu kama tambi ambao wataalamu huwaita Askarisi, hutaga takriban mayai 200,000 kwa siku. Mayai hutoka na choo, na yanaweza kukaa udongoni miaka mingi yakingoja mkono usionawa au mboga isiyooshwa vizuri. Kidonge kinaua minyoo walio tumboni. Yaliyo shambani hakiyagusi.

Sababu ya pili imo ndani ya jeni zao.

Kwa muda mrefu tumefundishwa kwamba kuna Askarisi wa binadamu na Askarisi wa nguruwe, kila mmoja na kwake. Mwaka 2020, watafiti walichapisha katika jarida la eLife matokeo ya kusoma DNA ya minyoo 68 waliotolewa kwa watu 60 katika vijiji vya hapa Kenya, ambako ufugaji wa nguruwe ni nadra. Minyoo 63 kati yao walikuwa na DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama, inayokaribiana zaidi na ya minyoo wa nguruwe.

Na jeni zingine je? Mchanganyiko mtupu, kipande cha ukoo huu na kipande cha ule. Yaani hawa tuliodhani ni majirani tu, kumbe wamekuwa wakioana! Na chotara hao wanaenea kutoka kwa mtu hadi mtu, hata nguruwe asipokuwepo.

Kuvuka mipaka si jambo geni kwa ukoo huu. Jamaa zao wengi huishi huru udongoni, na maisha ya kumtegemea mwingine yameibuka kwao zaidi ya mara 10, kila mara kivyake. Chukua C. elegans, ambaye mwaka 1998 alikuwa mnyama wa kwanza kusomwa karibu jeni zake zote. Chakula kikiisha, mnyoo mchanga hufunga mdomo, hukaza ngozi na kungoja hata miezi. Mnyoo mchanga wa safura naye hungoja udongoni bila kula, hadi mguu pekupeku upite. Wanasayansi wengi wanaona subira hiyo ya udongoni huenda ndiyo iliyowafungulia mlango wa kuingia miilini.

Sasa, hii inakuhusu vipi wewe wa Langas au Huruma? Kama mdudu wa nguruwe na wa mtu ni mmoja, kutibu watoto wa shule pekee ni kufunga mlango mmoja na kuacha dirisha wazi.

Ukiwa na hasla ya nguruwe, nao wape dawa, kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Samadi mbichi usiimwage kwenye sukuma wiki. Choo kitumike, mikono inawiwe kwa sabuni.

Kidonge tutafune, lakini tusikiachie kazi yote.