Ulimi Unapokwama Mbele ya Mashuhuri
Agosti 2006, Barack Obama alipozuru Kisumu akapimwa virusi vya Ukimwi hadharani pamoja na mkewe Michelle, umati ulimlaki kwa hoihoi na vifijo. Lakini kupaza sauti katika halaiki ni jambo jepesi, na kusimama ana kwa ana na mtu uliyemtukuza kwa miaka, naye hata jina lako halijui, ni jambo jingine kabisa. Hapo nafsi, ikidhani inahukumiwa, hutaharuki: adrenalini huingia damuni, moyo huenda mbio, kinywa hukauka, na fikira, zikishughulika na kujichunguza, huyapoteza maneno yaliyotayarishwa. Kwangu mimi, haya hiyo ni heshima iliyopita kiasi, wala si upungufu wa akili. Aliyeingiwa nayo na aamkie, ataje tendo moja lililomnufaisha, kisha ashukuru.